Le Nom des gens: maswali ambayo kila aliyeitazama lazima akuulize

Kila nikimpa mtu hii muvi, baada ya siku mbili tatu maswali yanarudi, na yanakuja yaleyale. Wengine wameipenda mpaka basi, wengine wamekasirika, na wapo walioishia dakika ya ishirini kwa sababu ya mwanamke aliye uchi. Nimeyakusanya hapa yote ili nisirudie. Majibu yanaanika karibu hadithi yote mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaitazama, soma sehemu ya kwanza tu alafu urudi.

## Mambo ya kuanzia

Hii ni muvi gani kwani?

Ni komedi ya mapenzi na siasa ya Ufaransa, iliingia kumbi za sinema kule tarehe 24 Novemba 2010. Kabla ya hapo mwezi wa tano ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, kwenye Wiki ya Wahakiki. Mwongozaji ni Michel Leclerc, na hadithi kaandika yeye na Baya Kasmi. Waigizaji wakuu ni Jacques Gamblin na Sara Forestier, na Forestier alibeba César, tuzo kubwa ya sinema ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2011, hadithi nayo ikabeba César ya mswada bora.

Kwa kifupi: Bahia Benmahmoud, baba yake Mualgeria mama yake Mfaransa, ana njia yake ya kufanya siasa, analala na wanaume wa mrengo wa kulia (wahafidhina) mpaka wageuke wawe wa kushoto (wanaotetea usawa). Arthur Martin ni mtaalamu wa magonjwa ya wanyama, mtu mzima, mtaratibu, hapendi makelele. Siku moja yuko redioni anaelezea mafua ya ndege, Bahia anafanya kazi hapohapo anapokea simu, anamvamia studio akimwambia anatisha watu bure. Mapenzi yanaanzia hapo.

Jina lina maana gani?

"Majina ya watu", ndo hivyo tu. Waliouza muvi kwa lugha ya Kiingereza walichomeka neno mapenzi kwenye jina, na mimi naona walituharibia, maana mtu anaingia akitegemea mambo ya kubusiana kwenye mvua wakati muvi yenyewe inauliza swali moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: jina lako linawaambia nini watu kabla hujafungua mdomo?

Ni kisa cha kweli?

Nusunusu. Leclerc na Kasmi walikuwa wapenzi katika maisha yao ya kawaida wakati wanaiandika, Kasmi baba yake ametoka Algeria, na Leclerc ni jina ambalo Mfaransa akilisikia anawaza supamaketi. Wakachukua familia zao mbili wakazitia chumvi. Ndo maana vitu vidogovidogo vya nyumbani mle ndani, jinsi watu wanavyokaa mezani na wanavyokwepa kuongea, vina ladha ya kweli kuliko hata yale mapenzi.

Sijui lolote la siasa za Ufaransa, nitaelewa?

Utaelewa, ila shika mambo matatu. Moja, kule kusema mtu ni wa kushoto au wa kulia ni kama kabila, watu wanarithi kwa wazazi. Mbili, tarehe 21 Aprili 2002, nitaielezea kwenye swali la Jospin huko chini. Tatu, mwaka 2007 Nicolas Sarkozy alipoingia madarakani aliunda wizara ya uhamiaji na utambulisho wa taifa, na mwishoni mwa 2009 serikali ikaanzisha mjadala wa nchi nzima kuulizana Mfaransa ni nani. Wizara hiyo ilifutwa Novemba 2010, siku chache tu kabla muvi haijatoka. Kwa hiyo waliokaa ukumbini wiki ile walikuwa wametoka kusikia mwaka mzima watu wakipimana Ufaransa wao, na hii hadithi haikuwa ngeni masikioni mwao hata kidogo.

## Majina

Kwa nini Arthur Martin akijitambulisha watu wanacheka?

Kwa sababu Arthur Martin ni chapa ya majiko na vyombo vya jikoni iliyoingia nyumba nyingi sana za Ufaransa. Ni sawa na mtu asimame akwambie anaitwa jina la friji la nyumbani kwenu. Pia Martin ndo ukoo unaoongoza kwa wingi Ufaransa, kwa hiyo jina lake ni la kila mtu, mtu wa jina hilo haulizwi katoka wapi. Na hapo ndo penye siri, kwamba jina lisiloulizwa maswali ndilo limeficha mambo mazito kuliko yote kwenye hadithi. Endelea na swali la Annette.

Bahia ni Mbrazili?

Hapana, na muvi inacheza na hilohilo: Wafaransa wakisikia Bahia wanawaza lile jimbo la Brazili. Ni jina la Kiarabu, lina maana ya uzuri na kung'aa. Sisi wa pwani tunaliona haraka, hata ile Benmahmoud, "ben" ya kule Algeria ni "bin" yetu hii hii, mwana wa Mahmoud, tumeizoea. Rafiki yangu mmoja wa Tanga aliposikia tu jina alishamjua baba ni nani na dini ni ipi, wakati wahusika wenyewe kwenye muvi wanakosea.

Ila kuna kitu kinamuuma Bahia ambacho wengi wanapitiliza. Sura yake haimwonyeshi kuwa Mwarabu, Kiarabu hakijui, na yeye anatamani watu wamwone hivyo. Amebeba jina peke yake bila vile vingine. Arthur yeye ana historia yote lakini jina hana. Ukishaona hivyo unaelewa kwa nini hawa wawili wanafaana, kila mmoja ana kile mwenzake alichokikosa.

Annette, mama yake Arthur, ana tatizo gani? Mbona hasemi?

Hili swali ndo ningetamani lingekuwa la kwanza, watu wanauliza sana kuhusu Bahia kuvua nguo na huyu mama anapita kimyakimya, kumbe kwangu mimi muvi ni ya kwake.

Annette alizaliwa Cohen. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Ugiriki, wakakamatwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, hawakurudi. Yeye mtoto akafichwa, akapewa jina lingine, alafu akaolewa akawa Martin, na akafunga mlango. Kwa Martin hilo halizungumzwi, hakuna aliyekataza kwa mdomo, ni vile tu kila mtu anajua wapi pa kutokanyaga. Wayahudi waliosafirishwa kutoka Ufaransa kwenda kwenye kambi za mauaji walikuwa kama 76,000, na waliorudi ni wachache mno, na polisi waliowakamata wengi wao walikuwa polisi wa Kifaransa. Serikali ilikuja kukiri wazi jukumu lake mwaka 1995, kwa mdomo wa rais Jacques Chirac. Sasa fikiria mwanamke ambaye nchi iliyowatoa wazazi wake ilikaa miaka hamsini haijasema, yeye ataanzia wapi kusema?

Alafu inakuja ile sehemu ya vitambulisho. Anapotelewa na karatasi zake, na ili apate nyingine anatakiwa athibitishe kwamba ni Mfaransa, kwa sababu wazazi wake walizaliwa nje. Mama wa miaka ile, kaishi pale maisha yake yote, anaulizwa na afisa wa dirishani wazazi wako walikuwa kina nani. Afisa yule hana roho mbaya, anafuata fomu tu. Lakini swali hilohilo ndo alilolikimbia tangu utotoni. Mtazame uso Michèle Moretti, anayemwigiza Annette, pale, anavyojibu kwa sauti ya chini kama vile aliyekosea ni yeye. Watu wanaosema hii ni komedi nyepesi nawaomba warudie hapo.

Kwani Mfaransa hawezi kujipa jina analotaka?

Zamani ilikuwa ngumu. Sheria ya 1803 iliwabana wazazi wachague majina ya kalenda za watakatifu au ya watu wa historia ya kale, ikalegezwa polepole, uhuru kamili ukaja 1993. Mgeni anayepewa uraia mpaka leo anaruhusiwa kuomba jina lake lifanywe la Kifaransa, na baada ya vita Wayahudi wengi walibadilisha koo zao. Kwa hiyo aliyofanyiwa Annette hayakuwa ya familia moja.

## Bahia na mwili wake

Muvi inatetea kulala na watu kwa ajili ya siasa?

Hapana, na haimhukumu pia. Bahia mwenyewe anajiita kahaba wa kisiasa, kwa kujivuna kabisa. Anaeleza kwamba kuna dakika mwanaume anakuwa hana ulinzi, hapo ndo anamnong'oneza mambo ya usawa na wahamiaji, na yanaingia. Inachekesha kwa sababu analichukulia kwa uzito kama mtu wa chama anayegawa vipeperushi nyumba kwa nyumba.

Wanaokasirika wananiambia ni ndoto za mwanaume mwandishi. Naielewa hiyo hasira, kamera kweli inamkalia Sara Forestier mno, na kuna mahali ningeikata mimi. Lakini mswada kaandika na mwanamke, na kuna sababu ndani ya hadithi ambayo haitangazwi kwa kelele, soma swali la mwalimu wa piano.

Ile sehemu anapanda metro akiwa uchi ni ya nini?

Amekurupuka, simu imemchanganya, katoka nyumbani kasahau nguo, na hashtuki mpaka yuko ndani ya treni, na mbele yake amekaa mwanamke aliyejitanda na mumewe. Tafsiri nilizosikia ni mbili. Wa kwanza wanasema muvi inamcheka yule mwanamke wa ushungi, eti uhuru ni kuvua. Wa pili wanaona kinyume, kwamba wanawake wawili wamekaa uso kwa uso na wote wawili miili yao inaongelewa na watu wengine, mmoja kwa kufunika mwingine kwa kufunua.

Mimi nipo na hao wa pili, ila nakiri kwamba yule mwanamke hakupewa hata sentensi moja ya maana. Angeongea, ningekubali moja kwa moja. Bahia kwa ushungi ana ubishi wa mtu wa kushoto wa Ufaransa, anaona ni kifungo tu basi, na muvi haijamkosoa hapo kama ilivyomkosoa kwengine.

Mwalimu wa piano alimfanya nini?

Alimnyanyasa kingono akiwa mtoto. Inasemwa haraka, karibu kwa mzaha, na wengi wanadhani wamesikia vibaya. Hamjasikia vibaya. Ni staili ileile ya muvi nzima, maumivu makubwa yanapitishwa kwa sauti ya kawaida kwa sababu ndivyo familia zinavyofanya. Ukilijua hilo, ile njia yake ya siasa unaiona tofauti: mtu aliyeporwa mwili wake akiwa mdogo ameamua kwamba sasa ataupangia kazi yeye. Sisemi ni dawa nzuri, na muvi nayo haisemi hivyo.

## Siasa

Yule mzee aliyekuja nyumbani kwa Arthur ni Jospin kweli?

Ndo yeye mwenyewe, Lionel Jospin, sio mtu aliyefanana nae. Waziri mkuu wa Ufaransa kuanzia 1997 hadi 2002, serikali yake ndo ilileta wiki ya kazi ya saa 35 na mkataba wa kuishi pamoja wa PACS mwaka 1999. Arthur anamhusudu, Bahia anampa zawadi ya kumleta nyumbani, na jamaa anatania mwenyewe kwamba siku hizi mfuasi wake ni adimu kama ndege fulani kutua kisiwa cha Ré.

Ili uone uchungu wa huo utani lazima ujue tarehe 21 Aprili 2002. Uchaguzi wa rais, duru ya kwanza, wagombea 16, watu wa kushoto wakagawana kura huku na kule wakijua Jospin atapita tu. Matokeo: Chirac asilimia 19.88, Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia 16.86, Jospin 16.18. Akatoka usiku uleule akatangaza anaachana na siasa. Duru ya pili watu wa kushoto wakalazimika kumpigia Chirac ili Le Pen asipite, akashinda kwa 82.21. Kwa Wafaransa wa kushoto wa umri wa Arthur ile tarehe ni kama msiba wa nyumbani, wanajua walikuwa wamekaa wapi taarifa ilipotoka.

Kwa hiyo Jospin anapoingia mlangoni, Arthur anavyoduwaa, ni kama amerudi marehemu kusalimia.

Kwa nini Arthur anampenda Jospin na sio mtu mwenye mvuto zaidi?

Kwa sababu wamefanana. Watu wakavu, waaminifu, wanaopenda hesabu kuliko hotuba, wanaopoteza kwa kutojua kupiga kelele.

Ni propaganda ya kushoto?

Inaegemea kushoto, haijifichi. Lakini nani anachekwa zaidi mle ndani? Bahia. Anawaita watu mafashisti kama anavyosema habari za asubuhi, anawagawa watu kwa sura na majina, kosa lilelile analowalaumu wengine. Rafiki yangu anayeishi Brussels, mtu wa kulia kweli, alicheka kuliko sisi wote. Alilalamika kitu kimoja tu, na nilimkubalia: wanaume wa kulia anaowabadilisha ni vikatuni, hakuna hata mmoja anayemjibu hoja kwa hoja.

Mafua ya ndege yameingiaje?

Mwaka 2006 virusi vya H5N1 vilipatikana kweli kwa bata mwitu Ufaransa, na watu walitishika sana. Arthur kazi yake ni tahadhari, kukata ndege wafu na kuonya. Bahia anaona hofu hiyo ni ndugu na ile hofu ya wageni, ndege wanaovuka mpaka bila pasi. Mimi naongeza: mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya siri, akachagua kazi ya kuzuia hatari isiyoonekana, hakuichagua kwa bahati.

## Maswali magumu

Kwenye kumbukumbu za utotoni, mbona wazazi wa Arthur ni wazee vilevile?

Sio kosa la uigizaji. Arthur anatuambia hawezi kuwawaza wazazi wake wakiwa vijana, basi tunamwona baba yake mzee kabisa na sare ya jeshi kule Algeria. Unacheka, alafu inakuuma, kwa sababu mtu ambaye hajasimuliwa kitu na wazazi wake anabaki na sura ya leo tu. Jiulize unavyomuwaza mama yako akiwa na miaka kumi na minane.

Inalinganisha mateso ya Wayahudi na ya Waalgeria? Si inachanganya mambo?

Hapa ndo watu wanabishana mpaka wananuniana. Babu yake Bahia aliuawa na wanajeshi wa Ufaransa huko Algeria, vita vya 1954 hadi 1962, vita ambavyo sheria ya Ufaransa ilikuja kuviita vita mwaka 1999, kabla ya hapo vilikuwa "operesheni" tu. Babu na bibi wa Arthur waliuawa Auschwitz. Na baba yake Arthur alikuwa askari Algeria. Zote hizo zinakutana kwenye meza moja ya chakula.

Nimeitazama hiyo sehemu mara nyingi. Arthur amemwonya Bahia asiguse mambo ya kambi, na Bahia kwa kujitahidi asikosee ndo kila neno linalomtoka linaangukia palepale, kila sentensi inateleza inaenda kwenye shimo, na kijiko cha Annette kinasimama hewani. Mezani hakuna anayeuliza nani aliumia zaidi. Muvi inaonyesha watoto wawili wa kimya, kimya cha aina mbili, wa kwanza anakipigia kelele cha kwao na wa pili anakimeza cha kwao. Kulinganisha idadi ya wafu haifanyi kabisa. Kama kuna mahali inarahisisha, ni kuonyesha kwamba mapenzi yatatosha, hilo sikubaliani nalo.

Baba yake Bahia mbona hana hasira?

Mohamed, aliyeigizwa na Zinedine Soualem, anatengeneza vitu vya watu, hawezi kusema hapana, na kipaji chake cha uchoraji amekifungia. Wengi wanamwona mpole tu. Mimi namwona ni Annette wa upande wa pili, amejifunza kwamba ukiwa na msaada kwa kila mtu hakuna atakayekuuliza unatoka wapi. Hasira yake ameirithisha kwa binti bila kujua.

Bahia anaposema machotara ndo wataokoa dunia, anamaanisha nini?

Anaamini siku kila mtu akiwa amechanganyika hakutakuwa na wa kumchukia. Neno chotara kwetu pwani tunalo siku nyingi, na tunajua watu wanaweza kuchanganyika karne kadhaa na bado wakaulizana ukoo. Kwa hiyo hapo mimi simwamini Bahia, ila nampenda anavyoamini.

Na yule mtoto mwishoni?

Wanampa jina ambalo halitoki kwa baba wala kwa mama, kisha koo zote mbili zinafuata, Martin na Benmahmoud. Wapo wanaoona ni utani wa kufungia muvi. Wapo wanaoona ni kumkatia mtoto mizizi. Kwangu ni zawadi yenye gharama: mtoto ataulizwa "umetoka wapi?" na safari hii swali halitakuwa na jibu fupi, itabidi asimulie kuanzia bibi.

Naweza kuitazama na wazazi?

Mwanzoni hapana, uchi unakuja mapema na unarudi. Mimi nilimwekea mama yangu kuanzia pale mezani tu, nikamtafsiria kwa mdomo. Hakusema kitu. Ilipofika ile ya dirishani, Annette anaulizwa wazazi wake, aliniambia rudisha, alafu rudisha tena, na mara ya tatu akaniambia nisitafsiri.